Ushauri wa tija: uliopimwa na unaouzwa

Kazi yangu ni saikolojia ya kazini. Taasisi huniita kuwapa wafanyakazi mafunzo, na mara nyingi nakuta mhamasishaji ameshatangulia na kuwaachia mambo matatu: amka saa kumi na moja alfajiri, andika malengo yako, rudia jambo kwa siku 21 litakuwa mazoea. Wakati wa chai watu hunivuta pembeni kuniuliza kama mambo hayo ni kweli. Kwa sehemu kubwa, hapana. Upo ushauri wa tija uliopimwa ukafaulu, ila ukumbini hausikiki sana kwa sababu hauna mbwembwe.

Tuanze na siku 21. Asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura nchini Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Hiyo "angalau" ilidondoka njiani, na habari ya sura ikageuzwa kuwa ya mazoezi, kusoma na kuweka akiba. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walilipima jambo lenyewe kwa watu 96. Matokeo yao ya mwaka 2010 yanaonyesha kwamba mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka kitendo kijiendee chenyewe. Mwepesi kuliko wote alitumia 18, na mzito kuliko wote alikadiriwa kuhitaji 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu cha maana. Hilo ningependa wengi walijue, maana ninaowaona wakiacha kabisa ni wale waliokosa siku moja wakadhani wamerudi sifuri.

Malengo ya kuandikwa yana hadithi mbovu zaidi. Utasimuliwa habari za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 1953: eti asilimia 3 walioandika malengo walikuja kuwapita kwa utajiri wale asilimia 97 wote. Utafiti huo haupo. Chuo chenyewe kilishautafuta, hakikuuona.

Kuhusu alfajiri sina mengi. Saa ya mwili hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa sehemu ni ya kurithi. Isitoshe, mkazi wa Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, anayetakiwa kuwa Posta katikati ya jiji saa mbili asubuhi anaamka saa kumi na moja miaka nenda rudi. Kama kuamka pekee kungetajirisha, vituo vya daladala vingejaa mabilionea.

Sasa kinachofaa. Cha kwanza ni mpango wa "ikitokea hivi, nafanya hivi". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, pamoja na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 mwaka 2006 wakakuta mpango huo unasaidia kwa kiwango cha kuridhisha hasa. Mtu anayesema "wiki hii nitajitahidi kumaliza ripoti" atalazimika kuamua upya kila saa, na simu iko mezani. Anayesema "nikirudi kutoka chai ya saa nne, nafungua ripoti kabla sijashika simu" ameshaamua tangu jana. Chai ndiyo inayomkumbusha, hana haja ya kusubiri hamasa.

Cha pili ni kukadiria muda kwa kumbukumbu badala ya matumaini. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili la kukadiria kwa matumaini mwaka 1979. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake nchini Kanada waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao: wastani wa makadirio ulikuwa siku 34, wastani wa uhalisia 55. Hata walipotakiwa kukadiria kana kwamba kila kitu kitaenda kombo, wastani wao haukufika siku 49.

Huhitaji kwenda Kanada kuliona hili. Ukipeleka kitambaa kwa fundi cherehani wiki mbili kabla ya Idi, unajua utaambiwa nini. Fundi mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na daftari zuri: jina, vipimo, mshono, tarehe ya ahadi. Tulichoongeza ni safu moja ya tarehe ambayo nguo ilichukuliwa kweli. Baada ya muda safu hizo mbili zilimsema bila mimi kufungua mdomo. Kushona hakukuwa tatizo, hapo alikadiria vizuri. Muda ulipotelea kwenye vifungo vya kufuata Kariakoo, umeme kukatika, na mteja anayerudi na picha ya mshono mwingine kwenye simu. Siku hizi akitaka kutoa ahadi anafungua kurasa za nyuma kwanza. Baadhi ya wateja wananuna na kwenda kwa jirani, sikatai.

Upo ushauri wa kweli usiotekelezeka. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi nusu na kurukia nyingine, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Kwa hiyo "jifungie saa mbili bila usumbufu" ni maneno mazuri, ukiwa na mlango. Karani wa masijala hana. Muuguzi wa zamu hana. Msaidizi anayeitwa "njoo mara moja" kila dakika, huku kundi la WhatsApp la ofisi likidai jibu sasa hivi, tatizo lake halitibiwi na nidhamu binafsi, kwa sababu muda wake uko mkononi mwa mtu mwingine. Kumuuzia kitabu cha kujiboresha ni kumtwisha lawama zisizo zake.

Ndiyo maana mkuu wa idara akiniomba semina ya "matumizi bora ya muda", humwomba kwanza ratiba ya vikao vya mwezi uliopita, na saa alizotuma maagizo kwenye kundi. Wengine hawarudi tena. Wanaorudi, kwa kawaida tunaanza kwa kufuta kikao kimoja cha wiki na kukubaliana kwamba kati ya saa tatu na saa tano asubuhi hakuna anayedaiwa jibu, labda la dharura. Semina huja baadaye, kama bado wanaihitaji.