Pombe haikupi joto ziwani, inakunyang'anya

Wiki iliyopita saa kumi na moja alfajiri nimegongewa mlango, vijana wanne wamembeba mwenzao kwenye turubai. Walikuwa wanavuta wavu, wimbi likapiga kipe, yaani boti lao la kuvulia dagaa, jamaa akaenda majini, giza, mpaka wamuone na kumtoa imepita kama nusu saa. Kalowa chapachapa, midomo imepauka, anaongea maneno hayaeleweki. Sasa kabla hata sijamgusa nasikia harufu. Nauliza, alikuwa amekunywa? Wakaniambia hapana dokta, huyu hanywi wakati wa kazi, sisi ndo tumemnywesha baada ya kumtoa, gongo kidogo tu, nusu glasi, apate joto. Na wanasema kwa kujisifu kabisa, kama watu waliofanya huduma ya kwanza wanasubiri kupongezwa.

Mimi ni tabibu, zahanati yangu iko karibu na mwalo, pale boti za uvuvi zinapofikia, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya Kigoma mjini. Hii ya "pombe inatia joto" nimeisikia Kibirizi, nimeisikia Katonga, nimeisikia Ujiji, nimeisikia kwa wazee wenye mitumbwi na kwa watoto wa juzi ambao hata ndevu hawana. Nimeisikia mpaka kwa mke wa mvuvi aliyekuwa anamfungashia mumewe kichupa kwenye mfuko pamoja na ugali, kwa upendo kabisa. Nimechoka. Leo naandika niimalize.

Iko hivi. Ukinywa pombe, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi inatanuka. Damu ya moto iliyokuwa ndani kwenye moyo, kwenye ini, kwenye figo, inakimbilia nje kwenye ngozi. Na ngozi ndo inayohisi joto, kwa hiyo uso unawaka, masikio yanawaka, unajiona umepata moto. Hujapata chochote. Umechukua makaa kwenye jiko ukayatandaza sakafuni, kwa dakika chache chumba kizima mnasikia raha, halafu maharage hayaivi na makaa yanazimika yote. Ukiwa nyumbani umejifunika blanketi haina shida sana. Ukiwa umelowa, upepo wa kusi unakupiga mgongoni, hilo joto linaondoka ziwani na harudi nalo mtu.

Hiyo ni moja. Ya pili ndo inaniudhi zaidi maana watu wanaiona kwa macho yao na bado wanaitafsiri vibaya. Mtu akipata baridi anatetemeka. Kutetemeka siyo ugonjwa bana, kutetemeka ndo injini yenyewe, misuli inajikaza na kuachia haraka haraka ili itengeneze joto. Pombe inapunguza kutetemeka. Sasa wenzake wakimpa gongo wakaona katulia, hatetemeki tena, wanashangilia, "umeona, kapata joto". Hajapata joto, mmemzimia injini katikati ya ziwa! Joto la mwili la kawaida ni kama nyuzi 37, likishuka chini ya 35 akili inaanza kuchanganyika, mikono haishiki, mtu anataka kulala, na hapo ndo mnasema kalewa tu mwacheni alale.

Ya tatu ni sukari. Mvuvi wetu kala ugali na dagaa saa kumi jioni, akaingia ziwani, kavuta wavu mara ngapi sijui mpaka alfajiri. Chakula kimeisha mwilini. Hapo ini ndo linatakiwa litengeneze sukari mpya ya kumwendesha, lakini ini ukilipa pombe linaacha kazi hiyo linashughulika na pombe kwanza. Sukari inashuka. Na bila sukari hata huko kutetemeka hakuna cha kukuendeshea. Yule kijana wa kwenye turubai nilimpima sukari, iko chini, nikamwekea drip ya glukosi, baada ya muda akafumbua macho vizuri akauliza wavu wao uko wapi. Wavu!

Kuna mzee mmoja namheshimu sana, alikuwa nahodha miaka mingi, nilipomweleza haya akaniambia, "Mwanangu, hayo ya kuganda ni ya Wazungu na barafu zao, Tanganyika maji ni vuguvugu." Nikamwambia shikamoo baba, kweli maji ya juu ya ziwa letu ni kama nyuzi 25 hivi, msimu wa kusi yanapungua kidogo. Lakini mwili uko 37, na maji yananyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kama mara 25. Hutaganda haraka kama wa Ulaya, lakini ukikaa humo masaa mawili matatu umeshikilia dumu, unachoka, unapoa, mikono inaacha kushika dumu. Na ukitolewa umelowa ukakaa kwenye boti inayokimbia, upepo unaendelea kukupoza. Mzee akatikisa kichwa, akasema "lakini sisi tulikuwa tunakunywa". Ndiyo baba, na wenzako wengine tuliwazika, hao hawaji kutoa ushuhuda.

Sasa mkimtoa mtu majini mfanye nini. Kama hapumui, msimning'inize miguu juu kichwa chini eti maji yatoke, na msimkandamize tumbo, mnapoteza muda na mnamtapisha vitu vinaingia kwenye mapafu. Mlazeni chali sehemu ngumu, anzeni kumpulizia pumzi mdomoni, kisha mkandamize kifua kwa nguvu na haraka, 30 kwa pumzi mbili, mnaendelea huku boti inarudi. Kama anapumua, mvueni nguo zote zilizolowa, zote, aibu mtaiona baadaye, mfunikeni chochote kikavu mpaka kichwani, mwingine akae amemkumbatia. Msimsugue miguu na mikono, msimwambie atembeetembee achangamke. Akiwa na fahamu anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi kwelikweli. Akiwa anasinzia msimpe kitu mdomoni, mgeuzeni ubavu na mlete hospitali.

Na hapa naomba niseme jambo langu ambalo vijana wa mwaloni wananicheka nalo: chupa ya chai. Ile ya kuhifadhi moto, ya lita moja, chai ya tangawizi na sukari mpaka ijae, ifungeni kamba kwenye kipe. Na sweta kavu moja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, siyo la kuvaa, ni la mtu atakayelowa. Vitu viwili. Bei yake haifiki hata mafuta ya safari moja. Kila nikisema hivi kuna mtu anasema "dokta chai inapoa", basi nunua chupa nzuri, siyo ile uliyonunua kwenye mnada kifuniko hakifungi.

Haya mengine nayapitia haraka maana mengine hata hayahitaji shule.

"Bia siyo pombe, ni ya kukata kiu." Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe tupu. Ini la kawaida linasafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa moja ni masaa mawili mpaka matatu. Wewe umeanza saa nane mchana, umekunywa nne, saa kumi na mbili jioni unasukuma boti unasema "niko freshi", hesabu mwenyewe, pombe inaisha mwilini kati ya saa nne na saa nane usiku, na muda huo tayari mmeshusha wavu. Gongo ndo usiniulize, haina lebo, kila mpishi na ukali wake. Na vile viroba, pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku tangu Machi 2017, lakini vichupa vya kuingia mfukoni vikachukua nafasi yake, naviona vinaelea pale ufukweni kila asubuhi.

"Nimekunywa kahawa, nimeoga maji ya ziwa, imeisha." Haijaisha. Umekuwa mlevi asiyesinzia, tena msafi. Kuhusu kunywa mawese kijiko kimoja kabla, eti yanapaka tumbo mafuta pombe isishike, chakula chochote kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, hakiitoi. Itaingia tu, labda ukiwa tayari katikati ya ziwa, ambayo kwangu ni mbaya zaidi.

"Mimi naogelea tangu mtoto." Sawa, nakuamini, umezaliwa Ujiji. Lakini ndani ya sikio kuna sehemu yenye majimaji ambayo ndo inakuambia juu ni wapi chini ni wapi, na pombe inaichafua. Ndo maana mlevi akilala kitanda kinazunguka. Nchi kavu una macho na miguu vya kukusaidia. Usiku, ndani ya maji meusi, huna. Mtu anapiga mbizi kwa nguvu zote kuelekea chini akidhani anapanda, na ziwa hili sehemu ya ndani kabisa linafika mita 1,470 hivi. Ukichanganya na kwamba ukianguka ghafla unavuta pumzi bila kupenda, basi huko kuogelea kwako kunaisha kabla hakujaanza. Vaa jaketi la kuokolea. Siyo ulikalie kama mto, siyo ulifiche kwenye tenga ulitoe wakaguzi wakija, livae, na mikanda uifunge.

"Siendeshi mimi, nahodha hajanywa, mimi abiria tu." Hii nayo inanichosha karibu kama ile ya joto. Boti siyo basi. Kwenye basi ukilewa unalala kwenye siti unafika Kasulu. Kwenye boti kila mtu ni sehemu ya mizani. Kuna utafiti wa Marekani, majimbo ya Maryland na North Carolina, ulitoka 2001, walilinganisha watu waliokufa kwenye ajali za boti na watu wengine waliokuwa majini wazima, wakakuta hatari inaanza kupanda hata kwa pombe kidogo, inapanda kwa nahodha na kwa abiria, na boti iwe inatembea au imesimama. Imesimama! Maana watu hawafi kwa kugongana tu, wanafa kwa kudondoka.

Na wanadondokaje? Wakikojoa. Mnacheka, lakini niulizeni mimi niliyeshaona maiti zipu iko wazi. Pombe inazuia ile homoni inayoambia figo zibakize maji, kwa hiyo unakojoa kila baada ya muda mfupi, na kila mara unasimama kwenye ukingo wa boti usiku, mkono mmoja una kazi nyingine, miguu haina uhakika, kawimbi kadogo tu kanapita. Wenzako wako bize na wavu, hawasikii hata mlio. Watu wanadhani anayezama anapiga kelele, hapigi, mdomo uko majini. Dawa yake ni kidumu cha lita tano kimekatwa juu, unakaa chini unamaliza shida zako unamwaga. Nilipendekeza hili kwenye kikao cha mwaloni wanaume wakaona nimewavunjia heshima. Sawa.

"Taa zinawaka, tunaona vizuri." Taa za kuvutia dagaa zinakuonyesha pale chini ya taa tu. Ukiangalia pembeni gizani macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza sawasawa, na ukiwa umekunywa yanachelewa zaidi kupona na mwanga uliokupiga. Kamba, nanga, boti nyingine isiyo na taa, huvioni.

Mbalamwezi ikifika taa hazivuti dagaa, hamuingii ziwani, mnakaa, mnakunywa, hiyo sina ugomvi nayo sana ingawa mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi 15 Mei mpaka 15 Agosti nilipata miezi mitatu ya kulala alfajiri bila kugongewa kwa ajili ya maji, badala yake nikawa nagongewa usiku kwa ngumi na bodaboda. Shida yangu ni ile siku ya kwanza ya giza kurudi, watu wanatoka kwenye meza moja kwa moja kwenda kwenye boti.

Yule kijana wa turubai alitoka siku ya pili. Juzi kapita zahanati na mzee wake, nahodha wa kile kipe, wamekuja kushukuru, wameniletea migebuka miwili. Nikatumia nafasi nikarudia habari ya chupa ya chai mwanzo mpaka mwisho. Mzee kasikiliza kwa adabu kabisa, akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa dokta, hiyo chupa unanunua wewe?" Nikamwambia ndiyo baba, nanunua mimi, ila sukari unaweka wewe. Nimeshainunua, iko hapa mezani, ya bluu, inangoja aje aichukue kabla giza halijaingia.