Manowari ya Kutega Mabomu ni Ipi Hasa?

Manowari ya kutega mabomu ni chombo cha kivita kilichobuniwa tangu mwanzo kubeba mabomu ya baharini na kuyaacha katika njia ya adui. Kila bomu hukaa juu ya kigari kizito kinachosukumwa kwenye reli za sitaha hadi tezi, yaani nyuma ya chombo. Likishatumbukia, kigari huzama na kuwa nanga, nalo bomu hubaki limefungwa kwa waya chini kidogo ya uso wa maji.

Nasikitika kuona Königin Luise ikiitwa hivyo kila vita vya 1914 vinapotajwa. Hiyo ilikuwa meli ya abiria ya Ujerumani. Vita vilipoanza ilipakwa rangi za meli za Uingereza zilizosafiri kati ya Harwich na Uholanzi, ikapakiwa mabomu kwa haraka, ikatoka bila hata kufungwa mizinga iliyokusudiwa. Ilizamishwa tarehe 5 Agosti, na kesho yake mabomu yake yakaizamisha Amphion, mojawapo ya manowari za Uingereza zilizoiwinda. Berlin, meli nyingine ya Ujerumani ambayo mabomu yake yaliizamisha Audacious, manowari ya Uingereza, kaskazini mwa Ireland mwezi Oktoba, nayo ilikuwa meli ya abiria. Madhara yalikuwa makubwa, lakini madhara hayabadilishi aina ya chombo.

Manowari zenyewe za kutega mabomu za Ujerumani zilikuwapo kabla ya vita: Nautilus, iliyoshushwa majini mwaka 1906, na Albatross, mwaka 1907. Udhaifu wao ulikuwa mwendo. Tarehe 2 Julai 1915 Albatross ilikutwa na manowari za Urusi zilizoizidi nguvu, ikapigwa vibaya mpaka ikapandishwa ufukweni kwenye kisiwa cha Gotland, katika ardhi ya Sweden. Brummer na Bremse, zilizofuata, zilifungwa mitambo iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya manowari ya Urusi, lakini ikazuiwa isipelekwe vita vilipoanza. Zikapata mwendo wa noti 28 hivi (kama kilomita 52 kwa saa), zikaweza kubeba mabomu 400 kila moja, na umbo lao likafananishwa na manowari za Uingereza. Hata hivyo, tendo lao mashuhuri, la Oktoba 1917 karibu na Norway, lilifanywa kwa mizinga: zilizamisha manowari za Uingereza Mary Rose na Strongbow, pamoja na meli 9 za mizigo.

Kwa hiyo, anayeandika juu ya Königin Luise na aiite meli ya abiria iliyogeuzwa kutega mabomu, kwani Wajerumani wenyewe waliiorodhesha kama meli saidizi.