Jeli haikunji nywele, inashika mikunjo uliyonayo

Kwenye kliniki yetu ya ngozi na nywele haipiti wiki bila mtu kuja na kopo la jeli kwenye mkoba, analitoa analiweka mezani anasema daktari hii jeli feki, yule dada kwenye video kapaka mara moja tu mikunjo ikatoka kama springi za kalamu, mimi nimemaliza nusu kopo nywele ziko vilevile na juu zimekuwa nyeupe kama nimemwagiwa unga. Nikilisoma kopo mara nyingi nakuta jeli yenyewe haina tatizo lolote. Tatizo imepakwa kwenye nywele kavu, au nywele zilizolowa juu juu tu, au imepakwa vizuri kabisa halafu mtu akaanza kuzigusagusa kabla hazijakauka. Hili nataka tuliongee kwa urefu kidogo maana watu wanapoteza hela, na wengine wanapoteza nywele zenyewe, hasa za mbele.

Tuanze na unywele. Unywele wa kipilipili unajikunja tangu ndani ya ngozi, kile kitundu unachootea kimepinda, na unywele wenyewe ukiukata ukautazama kwa hadubini sio duara, umebonyea kama utepe. Kwahiyo mkunjo umezaliwa nao. Ndani ya unywele kuna protini inaitwa keratini, na nyuzi zake zimeshikana kwa viungo vya aina mbalimbali, ila viwili ndo vinatuhusu leo. Kuna viungo imara vya salfa, hivyo havisikii maji, vinavunjwa na dawa ya kunyoosha nywele au ile dawa ya kalikiti ya zamani. Halafu kuna viungo vidogo vidogo vya haidrojeni, hivi maji yakiingia vinaachia, maji yakitoka vinashikana upya pale pale vilipokutwa. Ndo maana ukipiga pasi nywele zako halafu ukanyeshewa mvua njiani unafika nyumbani zimesharudi, na ndo maana ukisuka nywele mbichi ukalala nazo asubuhi ukifumua zinabaki na mawimbi.

Sasa jeli inaingia hapo. Jeli ni maji mengi yaliyochanganywa na vitu vya kuyafanya mazito na vinavyotengeneza utando, kwenye kopo utaviona vimeandikwa carbomer, PVP, polyquaternium na ndugu zao. Ukipaka kwenye nywele mbichi chapachapa, nyuzi zinajikusanya zenyewe kwenye vishada vya mikunjo kwa sababu ya maji, jeli inavizunguka, maji yanaondoka taratibu, utando unakauka na kushikilia kila kishada pale kilipo. Kazi yake imeishia hapo. Ukipaka kwenye nywele kavu zilizotimka, itazishikilia zikiwa zimetimka vilevile, haina namna ingine.

Na hapa niseme kwa wale ambao nywele zao zilipigwa dawa zamani, ile sehemu iliyopigwa dawa hairudishi mkunjo kwa jeli hata ukipaka kopo zima, viungo vyake imara vilishabadilishwa. Mkunjo unatoka na nywele mpya kwenye mzizi, nazo zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, wengine chini kidogo ya hapo. Ama ukate ncha uanze upya au uvumilie uwe unakata kidogo kidogo. Mimi nikiulizwa huwa nawashauri wakate, kwa sababu ule mpaka kati ya nywele mpya na nywele ya dawa ni dhaifu sana na ndo unapokatikia, lakini najua kichwa ni cha mtu na kukata sio jambo rahisi.

Namna ya kupaka. Osha nywele kwa shampuu kwanza, usipake jeli juu ya mafuta ya mgando ya wiki tatu, haitashika kitu. Weka kondishena, gawa kichwa mafungu manne, wenye nywele nyingi mafungu sita au nane, chambua kwa vidole halafu chanuo lenye meno mapana ukianzia nchani kwenda juu. Suuza. Hapo watu wengi wanakosea, wanajifunga taulo wanaenda kupika chai wakirudi nywele zimeshaanza kujirudi na kutimka, ndo wanafungua kopo. Usifunge taulo. Kaa na chupa ya kupulizia maji pembeni, fungu unaloshughulikia liwe linadondosha maji kabisa, pitisha kidogo tu kondishena ya kuacha, yaani ile isiyosuuzwa, kisha chukua jeli kiasi cha kujaza vidole viwili, ipake kwa kupitisha kishada kimoja kimoja katikati ya kidole gumba na cha shahada kuanzia kwenye mzizi mpaka nchani. Utaona mwenyewe vishada vinajitokeza mkononi. Vikikataa sio jeli imepungua, ongeza maji. Nimerudia neno maji mara nyingi na sitaacha kwa sababu karibu kila anayekuja na malalamiko ukimuuliza alitumia maji kiasi gani anakwambia alilowesha kidogo.

Ukimaliza kichwa kizima tingisha kichwa, kamua maji yaliyozidi kwa tisheti kuukuu ya pamba ukiminya kwenda juu usisugue, halafu ondoa mikono. Ondoa kabisa! Zikiwa zinakauka ndo vile viungo vinashikana, kila unapochomeka kidole unavunja kishada kimoja kinakuwa vitatu na vyote vinatimka. Nywele nene zinaweza kuchukua masaa sita na zaidi kukauka, kipindi cha masika Dar au Tanga inaweza kuwa siku nzima, ukiwa na haraka kaa chini ya drayea ya saluni kwa moto mdogo au tumia drayea ya mkono iliyofungwa kile kikombe chenye meno. Wengi wanaolala nazo mbichi ndo wanaamka zimelala upande mmoja na zinanuka unyevu.

Zikikauka utagusa utakuta zimekuwa ngumu kama zimevaa gamba. Usiogope na usiende kuosha, nimeona watu wanaosha wakidhani wameharibu. Lile gamba ndo dalili kwamba jeli imefanya kazi. Paka matone mawili matatu ya mafuta mepesi mikononi, ya nazi au ya mnyonyo yaliyochanganywa na mepesi zaidi, kisha minyaminya nywele taratibu kuanzia nchani, gamba linavunjika zinabaki laini na mikunjo ipo.

Kuhusu ukubwa wa mikunjo naomba tuwe wakweli. Zile namba za aina za nywele, 3B, 4A na kadhalika, mnazozisikia zilianzishwa na Andre Walker, msusi wa Marekani aliyekuwa anamtengeneza nywele Oprah Winfrey, zikavuma miaka ya 1990. Ile 4C haikuwepo kwenye orodha yake ya mwanzo, iliongezwa baadaye na watu wenyewe mitandaoni. Ni namna ya kuelezana tu, sio kipimo cha hospitali, na kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina tatu, kisogoni laini, katikati kipilipili kigumu, pembeni mawimbi. Nywele zako zikiwa za mikunjo midogo sana jeli itakutolea vijipete vidogo sana, na zikikauka zitajirudi mpaka nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Hapo umefanikiwa, hiyo ndo mikunjo yako. Namwonea huruma sana binti wa miaka kumi na tisa anayekaa mbele yangu akilia kwamba nywele zake zimeshindwa, wakati hazijashindwa chochote, alikuwa anazilinganisha na kichwa cha mtu mwingine.

Turudi kwenye ule weupe. Watu wengi wanaotuletea malalamiko ya mba wana mabaki ya jeli. Mba inatoka kwenye ngozi ya kichwa, inawasha, ukikwangua kwa kucha unatoka unga wenye mafuta mafuta. Mabaki ya jeli yako kwenye unywele wenyewe, hayawashi, ukilowesha maji yanapotea. Yanatokea ukipaka jeli nyingi mno, au ukizigusa zikiwa nusu kavu, au vitu viwili ulivyopaka havipatani, maana vingine vina chaji chanya vingine hasi vikikutana vinagandana vinatoa vipunje vyeupe. Kipimo chake ni cha bure, weka kondishena yako ya kuacha kidogo kwenye kiganja, weka na jeli, vichanganye kwa kidole. Vikiwa laini endelea, vikikatika kama maziwa yaliyoganda badilisha kimoja. Ila kama kichwa kinawasha kweli, au ni mtoto ana mabaka ya duara yaliyonyonyoka, hiyo inaweza kuwa mapunye, njooni kliniki na msichangie chanuo nyumbani.

Gliserini nayo. Kile kichupa cha duka la dawa watu wanakimimina kwenye kila kitu. Gliserini inavuta maji, na inayatoa popote yalipo. Ukiwa Unguja, Mombasa au Dar hewa imejaa unyevu, inavuta maji mengi kutoka hewani unywele unavimba na mikunjo inatimka kabla ya saa nne asubuhi. Ukiwa Dodoma mwezi wa saba hewa kavu, inaweza kuyavuta maji yaliyomo kwenye unywele wenyewe ukakauka zaidi. Kwahiyo kama jeli yako ina gliserini kwenye maneno matatu ya mwanzo ya kopo na unaishi pwani na mikunjo haidumu, usilaumu mkono wako, tafuta ambayo imeandikwa mbali zaidi au haina kabisa. Na neno alcohol lisiwatishe lote, cetyl alcohol na cetearyl alcohol ni vilainishi vizuri, zinazokausha ni kama alcohol denat na isopropyl zikiwa mwanzoni mwa orodha.

Mnaopika jeli nyumbani nawaunga mkono, ni rahisi na inafanya kazi kweli. Robo kikombe cha mbegu za kitani (flaxseed) kwa vikombe viwili vya maji, chemsha moto wa wastani ukikoroga mpaka ivutike kama ute wa yai, dakika kama saba hadi kumi, chuja ikiwa ya moto kwa soksi ndefu nyepesi ya kike iliyo safi maana ikipoa haichujiki. Hata bamia inatoa ute huohuo, ni ule mvutiko tunaoujua kwenye mlenda. Tatizo ni moja, haina dawa ya kuzuia vijidudu. Weka kwenye friji, tumia ndani ya wiki moja, ikianza kuchachuka au kutoa povu mwaga. Tunawaona watu na vipele vyenye usaha kichwani, ukiwahoji unakuta jeli ya nyumbani imekaa wiki tatu juu ya meza ya kioo chumbani. Mshubiri pia, ukikata jani liache limwage yale maji ya njano kwanza na ulioshe, hayo ndo yanawasha ngozi, na jaribu nyuma ya sikio siku moja kabla ya kujaza kichwani.

Za dukani angalia lebo iwe na mtengenezaji, viungo na tarehe ya mwisho. Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Ukikuta inauzwa kwa kupimiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi, hujui ni nini na sisi ukija umevimba hatutajua tuanzie wapi.

Sasa nywele za mbele, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Kuna mtindo wa kupaka jeli nzito, kulaza nywele zote nyuma zing'ae, kufunga kishungi kwa nguvu, halafu kitambaa juu mpaka zikauke. Kumbuka tulichosema, unywele wa kipilipili ukikauka unataka kujirudi. Umeufunga ukiwa mbichi umenyooka, unakauka ukiwa umebanwa pande zote mbili, mvuto wote unaenda kwenye mzizi. Siku moja ya harusi hakuna neno. Ila kila wiki kwa miezi, mizizi inachoka, kwanza unaona vipele vidogo na maumivu, halafu nywele za mbele zinakuwa fupi na nyembamba, halafu ngozi inakuwa laini inang'aa. Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari tangu 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wanabana nywele kwa nguvu juu ya kichwa, kwahiyo msifikiri ni laana ya nywele za Kiafrika. Ni mvuto tu.

Ukiiwahi mapema ukaacha kuvuta, nywele zinarudi, mara nyingi ndani ya miezi kadhaa. Ukichelewa mpaka kitundu kikafa kikawa kovu, hatuna dawa ya kupaka itakayokifufua, na hiyo ndo sentensi ngumu kuliko zote ninazosema kazini. Mama akisuka binti wa miaka sita twende kilioni imebana mpaka mtoto anashindwa kufumba macho vizuri, tafadhali mama fumua, hata kama umelipia, hata kama shule kesho. Kichwa kisiume. Kikiuma baada ya kufunga au kusuka, legeza usiku huohuo, na ukiona vipele kwenye mstari wa mbele au nywele zinapungua pembeni ya masikio njoo kliniki ya ngozi iliyo karibu na wewe ndani ya wiki hizohizo, usikae miezi sita ukijaribu mafuta ya kila jirani. Njoo bila wigi na bila jeli, nywele zikiwa zimeoshwa tu na kuachwa, ili tuione ngozi.