Upimaji wa kigezo na ufuatiliaji wa maendeleo ya mwanafunzi: maana yake nini?

Ripoti ya shule ikifika nyumbani, jicho la mzazi hukimbilia nafasi: amekuwa wa ngapi? Akiwa wa 5 kati ya 40, roho inatulia. Kumbe huyo wa 5 huenda hajasogea hata kidogo tangu mwaka uanze, na wa 31 huenda ndiye aliyepiga hatua ndefu kuliko wote darasani. Nafasi haiwezi kukuambia hayo. Kwa hiyo zipo shule zinazotumia vipimo vya aina mbili vinavyokwenda pamoja: upimaji wa kigezo na ufuatiliaji wa maendeleo.

Upimaji wa kigezo ni jaribio fupi wanalopewa wanafunzi wote wa darasa, kwa kawaida mara 3 kwa mwaka: mwanzoni, katikati na mwishoni. Kigezo chenyewe ni kiwango kilichowekwa mapema, kwamba mtoto wa darasa hili, kipindi hiki cha mwaka, awe anaweza jambo fulani. Kigezo cha kuaminika hakikisiwi. Hupatikana kwa kufuatilia watoto wengi na kuona waliofaulu mwishoni mwa mwaka walikuwa na uwezo gani mwanzoni. Matokeo huonyesha nani amefikia kiwango, nani yuko karibu, nani yuko mbali. Basi. Ni mchujo, kama kipimajoto: kinasema mtoto ana homa, hakisemi homa ya nini. Mwalimu anayemwita mtoto “dhaifu” kwa jaribio hilo moja amekitumia kifaa kwa kazi isiyo yake.

Ufuatiliaji wa maendeleo huanzia hapo. Mtoto aliyeonekana yuko chini hupewa msaada wa ziada, kisha hupimwa kila wiki au kila baada ya wiki 2. Vipimo vyote huwa na ugumu uleule, ila maandishi hubadilishwa asije akayakariri. Alama zinachorwa kwenye grafu. Aliyewahi kushika kadi ya kliniki ya mtoto mchanga ameshaelewa: muuguzi haangalii kilo pekee, anaangalia mstari unapanda, umelala au unashuka. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda sawasawa hamtii wasiwasi kama yule mnene ambaye hajaongezeka kwa miezi 3.

Wazo hili lilipata umbo Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Stanley Deno na wenzake walikuwa wanawatafutia walimu wa elimu maalumu njia nyepesi ya kujua kama wanachofundisha kinaingia. Mtihani wa mwisho wa mwaka haukuwafaa, maana majibu yake huja wakati hakuna tena cha kurekebisha. Walichogundua kinashangaza hadi leo: ukimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti kwa dakika 1 tu, unapata picha nzuri ya uwezo wake wa kusoma kwa jumla, hata wa kuelewa anachosoma. Sababu yake si ngumu. Anayehangaika kuunga silabi hana nafasi kichwani ya kufikiria maana.

Dakika hiyo ina kanuni zake. Alama ni idadi ya maneno aliyosoma sawasawa. Neno lililorukwa ni kosa, lililobadilishwa ni kosa, na mtoto akikwama kwa sekunde 3 anatajiwa neno na linahesabiwa kosa. Akijisahihisha mwenyewe, amepata. Katika upimaji wa kigezo husoma vifungu 3 na huchukuliwa alama ya katikati. Akipata 28, 41 na 33, anaandikiwa 33, kwa sababu kifungu kimoja huenda kilikuwa na habari anayoijua sana, kingine kikamkuta amechoka.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa kuna mtego wa lugha. Majedwali ya viwango vya kusoma yanayosambaa mtandaoni ni ya Kiingereza. Maarufu ni lile la watafiti wa Marekani Hasbrouck na Tindal, toleo la 2017, ambapo mtoto wa kati wa darasa la 2 huko, yaani anayezidi nusu ya wenzake na kuzidiwa na nusu, husoma maneno sahihi 50 kwa dakika mwanzoni mwa mwaka, 84 katikati na 100 mwishoni. Ukimpima kwa kigezo hicho mtoto anayesoma Kiswahili, utamwonea. Neno letu moja “hatukumwona” linabeba kitenzi, mtendaji, mtendwa, wakati na ukanushi. Mwingereza angeyahesabu hayo kuwa maneno 5. Mtoto wa Kiswahili husoma maneno machache kwa dakika na bado akawa amesoma mengi. Na kuna upande wa pili. Maandishi yetu hutamkwa kama yalivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyezijua silabi anaweza kutiririka ukurasa mzima bila kujua umesema nini. Kwake, maswali 2 au 3 ya ufahamu baada ya kusoma ni lazima.

Turudi kwenye grafu. Tuseme mtoto ameanza na maneno 33 kwa dakika, na mwalimu amelenga 63 baada ya wiki 20. Hayo ni maneno 30, yaani neno 1 na nusu kila wiki. Mwalimu huchora mstari kutoka 33 hadi 63. Huo ndio mstari wa lengo. Wiki ya 5 mtoto anapata 38, ya 6 anapata 41, ya 7 anapata 40, ya 8 anapata 42. Ameongezeka, na mzazi angefurahi. Lakini mstari wa lengo ulidai kati ya 40 na 41 wiki ya 5, na 45 wiki ya 8. Alama zote 4 ziko chini ya mstari. Kanuni inayotumiwa na walimu wengi ni hii: alama 4 mfululizo zikiwa chini, badilisha ufundishaji, zikiwa juu, pandisha lengo. Kanuni haimtaji mtoto popote. Kinachobadilishwa ni kazi ya mtu mzima: punguza kundi, ongeza muda, rudi kwenye silabi zinazomkwamisha, au jaribu njia nyingine kabisa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hekima ya mfumo mzima.

Sababu ya kungoja alama 4 ni kwamba kipimo kifupi huyumba. Alama ya wiki moja inaweza kushuka kwa maneno kadhaa kwa sababu ya usingizi, njaa au kifungu kigumu. Mwalimu anayebadili mbinu kila Ijumaa kwa sababu nambari imeshuka atamchanganya mtoto bure.

Katika hisabati utaratibu ni uleule, ila huhesabiwa tarakimu sahihi za majibu ndani ya dakika chache, na hapo mtoto mwenye njia sahihi lakini mwandiko wa polepole anaweza kupunjwa.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale kipimo kinapogeuzwa kuwa lengo. Shule ikianza kulipwa sifa au lawama kwa idadi ya maneno kwa dakika, watoto hufundishwa kukimbia: wanameza nukta, wanapita bila kupumua, alama zinapanda, na kusoma kunabaki palepale. Nimewahi kumsikia mtoto akisoma hadithi ya msiba kwa mwendo wa mtangazaji wa mpira. Alama yake ilikuwa nzuri sana.

Mzazi akiitwa shuleni kuonyeshwa nambari hizi, aombe kuona grafu yenye mstari wa lengo na aulize ni lini msaada ulibadilishwa mara ya mwisho. Aulize pia ni watoto wangapi wa darasa hilo waliokosa kigezo. Wakiwa 4 au 5 kati ya 40, kuwatenga kwenye kundi la msaada kuna mantiki. Wakiwa 25, hakuna kundi la ziada litakalotosha. Kinachohitaji kutazamwa ni somo la asubuhi, lile wanalofundishwa wote.