Alaina Zinapopauka: Maswali na Majibu kwa Wanaotumia Maji Magumu

Alaina ni kitu gani, na maji ya nyumbani yanaihusu vipi?

Alaina ni ganda jembamba la plastiki angavu linalovikwa juu ya meno ili kuyasogeza taratibu, badala ya waya za chuma. Huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kutolewa wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Kila jozi hutumika siku 7 hadi 14, kisha inafuata nyingine. Anayekula milo mitatu na kitafunwa kimoja huitoa, huisuuza na kuirudisha mara nne kwa siku, na hapo ndipo maji ya bomba au kisima yanapoigusa.

Maji magumu ni yale yaliyobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja: hadi 60 ni maji laini, 61 hadi 120 yana ugumu wa kadiri, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Mwambao na visiwani, ambako visima vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ugumu si jambo la kushangaza: matumbawe yenyewe ni chokaa.

Maji ya kwetu yana chumvi. Ndiyo hayo magumu?

Si lazima. Chumvi ya kawaida hutia maji ladha lakini haiyafanyi kuwa magumu. Kisima kinaweza kuwa na chumvi bila ugumu mwingi, kikawa na vyote viwili, au kikawa na maji matamu yenye ugumu wa kutisha. Kipimo cha nyumbani ni sabuni ya mche. Jaza theluthi ya chupa ya nusu lita kwa maji yako, tia kipande cha sabuni kilichoparuzwa, ukubwa wa punje ya haragwe, kisha tikisa mara kumi. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua kwenye chupa nyingine. Maji laini hutoa povu nene linalokaa. Maji magumu hutoa povu hafifu linalokatika upesi, na maji yanabaki na ukungu mweupe wenye vitu kama maziwa yaliyoganda. Ukungu huo ni sabuni iliyokamatana na kalsiamu; uukumbuke, maana tutaurudia.

Watu wa Arusha na kuzunguka Mlima Meru wana tatizo jingine, floridi. Ndiyo inayotia meno madoa ya kahawia tangu utotoni, na haihusiani na ukoko wa kwenye birika. Kuchemsha hakuiondoi, kunazidi kuikoleza kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki.

Alaina yangu ina siku nne tu na imepauka kama imepakwa unga. Ni maji au ni mdomo wangu?

Angalia mahali weupe ulipo, ndipo pana jibu.

Mate yetu yenyewe yana kalsiamu na fosfeti. Yanapokutana na ukoga, ule utando laini wa bakteria, huugandisha taratibu ukawa ugaga. Matundu makubwa ya tezi za mate yako sehemu mbili: chini ya ulimi, nyuma ya meno ya mbele ya chini, na ndani ya mashavu, mkabala na magego ya juu. Kwa hiyo weupe uliojikusanya ndani ya alaina ya chini upande wa ulimi, au kwenye alaina ya juu upande wa mashavu huko nyuma, ni ugaga. Wenye maji laini kabisa nao wanaupata.

Weupe wa maji hauchagui jino. Umetapakaa ndani na nje, mara nyingi kwa alama za duara mahali tone lilipokaukia, na huonekana zaidi alaina ikiwa kavu. Ukiilowesha, unatoweka kwa muda.

Kuna weupe wa tatu unaosahaulika: ukungu wa sabuni. Anayeosha alaina kwa sabuni ya mche au ya kuogea katika maji magumu anaipaka mwenyewe ule ukungu wa kwenye chupa. Unateleza na kunata kidogo ukipitisha kidole, na hauondoki kwa kusuuza.

Mbona ninaiosha vizuri kila mara na bado inapauka?

Kwa sababu kasoro iko kwenye kukausha. Maji yanayotiririka hayaachi chokaa; tone linalobaki na kukauka ndilo linaloacha. Tufanye hesabu. Chukulia maji yenye ugumu wa 300, na alaina za juu na chini zinabaki na nusu mililita baada ya kukung'utwa. Zikikauka zinabaki na miligramu 0.15 za chokaa. Mara nne kwa siku kwa siku 14 ni mara 56, yaani kama miligramu 8. Hiyo haifikii nusu ya uzito wa punje ya mchele, ila ikitandazwa kwenye plastiki angavu inaonekana, na uso wake mkavu wenye vinundu unawapa bakteria mahali pa kushika.

Alaina unayoisuuza na kuirudisha mdomoni papo hapo haipati chokaa ya maji, kwa kuwa haikauki. Ya kutilia maanani ni ile inayowekwa kwenye kijaluba nusu saa wakati unakula. Hiyo ifute.

Basi utaratibu wa kila siku uweje?

Kila unapoitoa, isuuze palepale kwa maji baridi au vuguvugu, kabla mate hayajakaukia. Ikung'ute, kisha iguse kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, ndani na nje, bila kuikandamiza. Kitambaa kifuliwe kila siku. Ndipo uiweke kwenye kijaluba chenye matundu ya hewa. Kuifunga kwenye tishu hotelini ni njia ya uhakika ya kuitupa pamoja na mabaki ya sahani.

Asubuhi na usiku ioshe kikamilifu. Tumia mswaki laini sana ulio wake peke yake, na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na rangi wala manukato makali. Sabuni za namna hiyo nyingi hazigandi na kalsiamu kama ya mche, na hilo pekee linaondoa ule ukungu wa sabuni. Sugua ndani, hasa kwenye vishimo vinavyoshika vile vitufe ambavyo daktari amebandika kwenye meno. Vishimo hivyo havifikiwi na kidole. Sekunde 30 kwa kila alaina zinatosha. Shika alaina kwenye kiganja ukiisugua, usiishike ncha mbili ikajipinda, maana ikijipinda huweza kupata nyufa. Suuza mpaka utelezi uishe, kisha umalizie kwa maji laini, vijiko vitano au sita vya chakula tu.

Meno nayo yapigwe mswaki kabla ya kuirudisha. Alaina safi juu ya jino chafu inafungia uchafu mahali ambapo mate hayafiki kuusafisha.

Hayo maji laini ya kumalizia nitayapata wapi?

Sharti la kwanza ni yawe salama kunywa, kwa sababu kinachosuuziwa alaina kinaishia mdomoni. Maji ya simtanki ambayo hayajachemshwa hayafai hata yakiwa laini.

Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, yakachemshwa na kupozwa, ndiyo bora kwa bei. Kwa maji ya chupa soma lebo: zidisha kalsiamu kwa 2.5 na magnesiamu kwa 4.1, jumlisha, utapata ugumu. Chupa yenye kalsiamu miligramu 8 na magnesiamu 4 kwa lita ina ugumu wa 36 hivi, na inafaa. Maji mengine ya chupa yametoka chemchemi zenye madini na ni magumu kuliko ya bomba lako, kwa hiyo bei isikudanganye.

Kuchemsha maji yako mwenyewe kunasaidia ikiwa ugumu umetokana na bikaboneti. Yakitokota, hewa ukaa inatoka na chokaa inaganda, na ndiyo ule ukoko wa birika. Chemsha dakika 5 hadi 10, acha yatuame usiku kucha, kisha mimina ya juu bila kutikisa. Kama birika halijengi ukoko na sabuni bado inakataa kutoa povu, ugumu wako ni wa salfeti au kloridi, na kuchemsha hakuufanyi kitu.

Maji ya betri yaacheni kwenye magari. Hayakutengenezwa kuingia mdomoni, na madukani jina hilohilo wakati mwingine hupewa asidi ya betri.

Ikishapauka tayari, nasikia siki huyeyusha chokaa. Nitumie kiasi gani?

Siki nyeupe ya jikoni yenye asidi asetiki asilimia 5. Changanya mililita 50 za siki na 150 za maji yasiyo ya moto kwenye kikombe cha kioo au plastiki, zamisha alaina dakika 15 hadi 20. Vipovu vidogo vikipanda ujue chokaa inayeyuka. Sugua kwa mswaki laini, kisha suuza kwa maji yanayotiririka nusu dakika nzima na unuse: harufu ya siki ikiwapo, endelea. Asidi iliyobaki ndani ya alaina inashikizwa kwenye jino kwa saa kadhaa bila mate kuipoza, na ganda la jino huanza kulainika pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi.

Mara moja kwa wiki inatosha, mbili zikizidi. Siki ya kahawia ina rangi, iache. Badala ya siki waweza kutumia unga wa ndimu wa dukani, kijiko kimoja cha chai cha kusawazishwa katika mililita 250, dakika 10 hadi 15. Hauachi harufu.

Weupe unaobaki baada ya hapo aghalabu ni ugaga, ambao una protini na fosfeti na huyeyuka kwa shida. Rudia kesho yake. Kuukwangua kwa pini au wembe kunaacha mikwaruzo ambayo wiki ijayo itabeba mwingine.

Na ndimu yenyewe, magadi, dawa ya meno, jiki?

Juisi ya ndimu inayeyusha chokaa lakini ina sukari na nyuzinyuzi, na ukali wake haupimiki; unga ni bora. Magadi na soda ya kupikia haviyeyushi chokaa hata kidogo. Ni besi, yaani kinyume cha asidi, na katika maji magumu magadi huzidi kuigandisha. Kuchanganya soda na siki, kama wengi wanavyoshauriana, kunatoa povu la kupendeza na kuziua zote mbili. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, zile za mkaa ndizo mbaya zaidi. Zinaipa plastiki ukungu usiotoka. Jiki usiitumie, na kamwe isikutane na siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Maji ya moto ni kosa la mara moja tu. Alaina imefinyangwa kwa joto, na joto huifinyanga upya. Ikipinda hata kidogo haisukumi tena jino inalotakiwa.

Vidonge vya kusafishia meno bandia vinafaa?

Vinafaa, hasa kwa harufu. Kidonge kimoja katika maji vuguvugu ya kufunika alaina, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha suuza vizuri. Vingi vina pesalfeti, ambayo baadhi ya watu wana mzio nayo: midomo ikiwasha au kuvimba, acha mara moja. Usisukutue kwa maji hayo.

Rangi ya manjano je?

Hiyo si maji. Ni manjano ya biriani, chai, kahawa, au mirungi iliyotafunwa alaina ikiwa mdomoni. Plastiki inanyonya rangi na siki haiitoi. Ukiwa umeivaa, kunywa maji matupu tu. Soda ikiingia chini yake, sukari inakaa hapo hadi uitoe.

Ikiwa alaina inatupwa baada ya wiki mbili, kuna haja ya taabu yote hii?

Kwa chokaa peke yake, taabu ni ndogo. Kufuta kwa kitambaa kunatosha wengi. Mambo hubadilika matibabu yakiisha na ukapewa ritena, kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Hiyo hutumika miezi na miaka, na chokaa inapata muda. Ritena ya plastiki tupu fuata vipimo vilevile vya siki. Yenye waya wa chuma usiiloweke kwenye asidi bila kumuuliza daktari wako. Na kijaluba kiogeshwe siki kila wiki. Ukoko wake unapuuzwa, nao ndio unaorudisha harufu.

Lini nimwone daktari wa meno?

Ufizi ukitoka damu zaidi ya wiki moja licha ya kusafisha, alaina ikipata ufa au ikilegea, au ukiona mabaka meupe kama chaki kwenye jino lenyewe, si kwenye plastiki. Mabaka hayo ni dalili ya kwanza ya jino kuanza kuoza, na katika hatua hiyo bado huweza kuzuiwa kwa floridi bila kutoboa.