"Zombie" ya Cranberries haihusu mazombi

Miaka yote hii bado nakutana na watu wanaosema Zombie ya Cranberries, bendi ya rock ya Ireland, ni wimbo wa maiti wanaotembea, na wengine eti ni wa kuwasifia wapiganaji wa IRA, kundi lenye silaha lililotaka Ireland Kaskazini itoke chini ya Uingereza. Hapana jamani, sivyo kabisa.

Machi 20, 1993, mjini Warrington, Uingereza, ilikua Jumamosi na kesho yake ni Siku ya Mama kule kwao, watu wamejaa madukani, IRA wakawa wameficha mabomu mawili kwenye mapipa ya taka ya chuma, la kwanza likalipuka watu wakakimbia, wakakimbilia kule kule kwenye la pili, na vile vyuma vya pipa ndo vikawa kama risasi. Mtoto wa miaka 3 alikufa, mwingine wa miaka 12 akafa siku chache baadae. Inauma sana hii.

Dolores O'Riordan, mwimbaji wa Cranberries, binti wa Limerick, Ireland, akaandika wimbo huu wa Zombie kwa hasira na uchungu wa tukio hilo, ukatoka 1994. Zombi anaowasema ni watu wanaoua kwa ugomvi wa zamani, ndo maana anautaja mwaka 1916, mwaka wa uasi wa Dublin dhidi ya utawala wa Waingereza.