Je, wajua kwa nini msimamizi wa uchaguzi wa Georgia ni mwanasiasa wa chama?

Msomaji aliyezoea kuona matokeo ya urais yakitangazwa na mwenyekiti wa tume, mtu anayetakiwa asiegemee upande wowote, huenda akashangaa kusikia kwamba katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, anayeyathibitisha ni Katibu wa Jimbo, naye huingia ofisini kwa tiketi ya chama na kwa kuomba kura kama mgombea mwingine yeyote.

Asili yake ni ya kale. Katibu alikuwa mtunza muhuri na nyaraka za serikali, hivyo hesabu za kura kutoka kaunti zilipelekwa kwake pamoja na karatasi nyingine. Katika karne ya 19 Wamarekani wengi wakashikilia kwamba viongozi wa majimbo wawajibike moja kwa moja kwa wapiga kura. Hadi leo ofisi hiyo husajili kampuni na pia hutunza daftari la wapiga kura.

Brad Raffensperger, mhandisi wa ujenzi na mfuasi wa chama cha Republican, alipanda ngazi za kawaida: diwani wa mji wa Johns Creek, kisha mbunge wa jimbo kuanzia 2015, kisha Katibu baada ya kushinda duru ya pili Desemba 2018. Mtangulizi wake, Brian Kemp, aligombea ugavana mwaka huohuo akiwa bado kwenye kiti hicho, akajiuzulu siku 2 baada ya kura kupigwa, jambo lililolalamikiwa sana, na kwa haki.

Mtihani wa Raffensperger ulikuja katika uchaguzi wa rais wa 2020, Joe Biden wa chama cha Democratic alipomshinda Donald Trump katika Georgia kwa kura chache. Tangu 2002 jimbo lilikuwa likitumia mashine zisizoacha karatasi yoyote. Sheria ya 2019 ilileta mashine zinazochapa kura, na bila mabadiliko hayo, yaliyofuata yasingewezekana. Katibu aliagiza kura zote, takriban milioni 5, zihesabiwe upya kwa mkono. Katika kaunti 159, makarani walikaa wawiliwawili mezani, wakaisoma kila karatasi na kuiweka kwenye rundo la mgombea wake. Kaunti ya Floyd ilikutwa na kura zaidi ya 2,500 ambazo hazikuwa zimejumlishwa. Ziliongezwa, zikapunguza pengo, lakini mshindi hakubadilika. Pengo la mwisho lilikuwa kura 11,779.

Ndiyo maana Rais Donald Trump alipompigia simu tarehe 2 Januari 2021, wakazungumza kwa takriban saa nzima, na kumtaka atafute kura 11,780, Katibu, ambaye mwenyewe alimpigia Trump kura, alimjibu kwamba takwimu alizonazo Trump si sahihi. Kisheria hakuwa na kura za kutafuta: kaunti ndizo zinazohesabu, yeye hukusanya na kuthibitisha.

Chama chake hakikufurahi. Machi 2021 wabunge wa jimbo walimwondoa kwenye uenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo, na Trump akamuunga mkono Jody Hice ampokonye kiti. Raffensperger alimshinda Hice katika kura ya mchujo ya Mei 2022 bila kwenda duru ya pili, na Novemba akamshinda Bee Nguyen wa Democratic, katika uchaguzi ambao matokeo yake yalithibitishwa na ofisi yake mwenyewe.